Tupeane uzoefu: kuhamisha vyakula vikavu kutoka kwenye viroba kwenda kwenye ndoo na makopo

Mwenye mada, Tabata

Habari zenu wapendwa. Ninatoa vyakula vyote vikavu kwenye mifuko yake na kuvihamishia kwenye vyombo vyenye mfuniko: mchele, maharage, choroko, sembe, unga wa ulezi, karanga, sukari, chumvi, dagaa. Nimechoka na mafundo ambayo mpaka uyafungue yote ndipo ujue choroko iko wapi. Na tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku hapa Tanzania, Juni 1, 2019, vitu vingi vya sokoni tunarudi navyo kwenye kaki au kwenye ile mifuko laini isiyozuia unyevu wala sisimizi.

Nianze na langu. Ninatumia ndoo za mafuta ya kupikia, za lita 20 na lita 10, zile ambazo wakaanga chipsi huziuza zikishaisha mafuta. Naziosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka utelezi utoke wote, kisha zinashinda juani pamoja na mifuniko yake. Ndoo ya rangi siitumii hata ikioshwa vipi, haikutengenezwa kwa ajili ya chakula.

Kabla hamjanunua chombo, pigeni hesabu. Lita moja inabeba kama gramu 800 za mchele, kwa hiyo ndoo ya lita 20 inameza kilo 16 hivi. Unga ni mwepesi, kilo 5 zinataka chombo cha lita 8 au 9. Watu wananunua vikopo vizuri vya kioo visivyomaliza hata nusu ya mfuko, mabaki yanarudi kwenye kiroba, na stoo inabaki vilevile.

Ninalolisimamia kuliko yote: cha zamani hakimiminiwi kipya juu yake. Kilichobaki chini kinahamia kwenye bakuli, kinapikwa kwanza. Ndoo inaoshwa, inakauka, ndipo inajazwa. Haya, leteni yenu. Nini kimekaa vizuri na nini kimewasumbua?

Mdau wa Umoja, Nairobi

Hamjambo nyote. Mimi naishi chumba kimoja, stoo yangu ni rafu mbili kando ya gesi. Kilichonisumbua ni ndengu, zile mnazoita choroko. Nanunua kwa gorogoro, lile kopo la kupimia la sokoni, natia kwenye mkebe unaofunga kabisa, na baada ya muda punje zina matundu na vidudu vinatembea ndani.

Shangazi yangu ni mkulima kule Makueni, ndiye aliyenieleza. Mdudu wa ndengu na kunde hutaga mayai kwenye maganda mmea ukiwa bado shambani, na buu hukulia ndani ya punje. Ukizimimina tu mkebeni umemfungia ndani pamoja na chakula chake. Kwa hiyo siku hizi zikitoka sokoni nazichagua, nazifunga kwenye pakiti, zinalala siku nne kwenye friza ya dada yangu, halafu ndipo zinaingia mkebeni.

Angalizo moja tu. Zikitoka kwenye friza usifungue pakiti papo hapo. Iache imefungwa mpaka ipate joto la nyumba, la sivyo zile punje baridi zitatoa jasho na utaziweka zikiwa na maji.

Bi wa Ng'ambo, Unguja

Wanangu, huku kwetu adui ni unyevu. Masika ikishika, chumvi inatoa maji na unga unashikana mabonge. Siku ya mvua ndoo kubwa haifunguliwi nyumbani kwangu. Kila kitu kina kopo lake dogo la matumizi ya wiki, nalijaza siku ya jua. Kibaba changu kinakaa humo humo ndani, kikavu, na hapana mtoto anayechota kwa mkono uliotoka kwenye maji.

Mchele naupeta kwenye ungo na kuuchagua kwanza. Chenga na ule vumbivumbi wa chini ndio wadudu wanaoupenda, ukiuondoa umewapunguzia karamu. Lakini msiuanike kwenye jua kali, punje zinakatika na wali hauwi mzuri. Kivulini penye upepo panatosha.

Sukari wengi wanatia karafuu ili kufukuza sisimizi. Na mie natia, kwa kuwa napenda harufu yake kwenye chai. Ila kinachowazuia sisimizi ni kopo kusimama kwenye sahani yenye maji. Karafuu peke yake wanaipita.

Mdau wa Moshi

Shikamoo Bi. Bibi yetu alikuwa anachanganya maharage na majivu yaliyochekechwa, anaweka kwenye debe. Hatukuwahi kuona maharage yaliyotobolewa kwake. Je, hii inafaa kwenye ndoo za plastiki, na inafaa kwa mchele pia?

Mkulima wa Kongwa

Mdau wa Moshi, bibi yenu alijua alichokifanya. Majivu laini yanajaza nafasi kati ya punje, mdudu hapati pa kupita, na yanamkwaruza ngozi mpaka anakauka. Chombo kiwe debe au ndoo, kazi ni ileile. Lakini yanatakiwa mengi, kunyunyiza juu juu hakusaidii. Ni kwa maharage na kunde ambazo utaziosha kabla ya kupika. Kwa mchele mimi sitii, na kwa unga haiwezekani kabisa.

Sasa niseme la mahindi, maana naona wengi mnanunua gunia zima baada ya mavuno. Kuna jambo moja linalonikosesha raha nikiona ndoo zenye mifuniko inayobana: nafaka ambayo haijakauka. Chombo kinachozuia unyevu kuingia kinazuia pia unyevu kutoka. Mahindi yenye maji ukiyafungia yanapata joto, yanaota ukungu, na ukungu huo ndio unaoleta sumukuvu. Mwaka 2016 huku Dodoma na kule Manyara watu walikufa kwa sumukuvu. Wenzetu wa Kenya walipata msiba mkubwa zaidi mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walipoteza maisha. Sumu hiyo haionekani kwa macho na haiondoki kwa kuchemsha. Punje zenye ukungu, zilizonyauka au zilizobadilika rangi ondoeni zote kabla ya kusaga.

Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kama huna kipimo, tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia vijiko viwili vya chumvi kavu, tia mahindi kiasi cha theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika moja au mbili, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Ikianguka yote chini, yanafaa kufungiwa. Chumvi yenyewe ianikwe kwanza, hasa kwa ndugu zetu wa Pwani.

Halafu kuna dumuzi mkubwa, mdudu anayetoboa mahindi, yule tunayemwita Scania. Alitokea Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sasa yuko kila mahali. Anatoboa hata mti. Nafaka ya familia ninaiweka kwenye mifuko ya PICS: mifuko miwili ya nailoni ndani ya kiroba kimoja, kila mmoja unafungwa peke yake. Hewa ikiisha mle ndani mdudu anaacha kula na anakufa, hakuna dawa inayotiwa. Sharti lake ni kwamba usiufungue kila siku kuchota debe moja, maana unaingiza hewa mpya. Mimi nikifungua mfuko nauhamishia wote kwenye ndoo, na ndoo hizo ndizo tunazotumia mpaka ziishe.

Mwenye mada, Tabata

Kaka, ubarikiwe. Leo hii chupa na chumvi vinaingia juani. Niulize na mimi: dona langu linachacha upesi kuliko sembe, na liko kwenye ndoo ileile safi.

Mama wa Arusha

Dada, sembe imekobolewa kiini, dona lina kiini chake, na kiini kina mafuta. Mahindi yakishasagwa mafuta hayo yanakutana na hewa na kuanza kuharibika, hata ndoo iwe imebana namna gani. Sisi mahindi tunayaweka mazima, tunapeleka mashineni kidogo kidogo. Unga ukitoka mashineni una joto. Utandaze kwenye sinia upoe kabisa ndipo uufunike, ukiufunika wa moto mfuniko utaloa kwa ndani. Unga wa karanga nao ni hivyohivyo: karanga zikae nzima, twanga za mboga ya leo.

Mdau wa Umoja, Nairobi

Na tarehe. Nabandika kipande cha karatasi na gundi, naandika nilichotia na siku niliyokitia. Maharagwe ya zamani yanachelewa kuiva, gesi inaisha bure, kwa hiyo nayajua kabla sijayaweka motoni.

Mdau wa Mwanza

Kwenye orodha ya mwenye mada nimeona dagaa, na hajajibiwa. Dagaa wa sokoni usiwatie koponi siku hiyohiyo. Wachambue, toa mchanga na vichwa, waanike tena jua kali mpaka wavunjike ukiwakunja. Wakipoa ndipo watiwe kwenye kopo linalobana. Kama una friza, waweke humo, wanakaa muda mrefu bila kuingiliwa na wadudu. Kama huna, nunua wa kukutosha wiki mbili. Na kopo lao lisikae rafu moja na unga wala majani ya chai, vitanuka dagaa hata vikiwa vimefunikwa.

Mwenye mada, Tabata

Nimehamisha kopo la dagaa sasa hivi. Wenye friji ndogo isiyo na friza, choroko mnazifanyaje?