Forester ya turbo: 5W-30, 5W-40 au 20W-50? Jumamosi nabadilisha oili

Mwana_Segerea
Wakuu habari za leo. Jumamosi nabadilisha oili ya Subaru Forester yangu ya turbo, halafu wiki inayofuata natoka nayo Dar kwenda Mbeya, mdogo wangu anaoa. Dukani nimeonyeshwa 5W-30 ya sinthetiki na 5W-40 ya sinthetiki. Fundi wangu ameshikilia 20W-50 ya kawaida, anasema kwa joto la Dar oili nyepesi inageuka maji. Bei zinapishana sana. Kitabu cha gari chote ni Kijapani. Nichukue ipi? Natanguliza shukrani.

fundi_Gerezani
Mkuu, Forester ipi? Ya mwaka gani, imetembea kilomita ngapi, inakula oili au haili? Mara ya mwisho iliwekwa oili gani? Bila hayo kila mtu atakutajia anayoipenda yeye.

Kijana_wa_Ngara
5W-40 sinthetiki, usihangaike. Niko na Subaru WRX ya 2006 hapa Nairobi na tangu ninunue sijaweka nyingine. Mimi hutumia Motul 8100, lakini Mobil 1 na Castrol Edge pia ziko sawa, bora utoe kwa ajenti. Mwezi wa saba asubuhi huku ni baridi ya kweli, hiyo 5W inafanya oili ifike juu haraka ukiwasha. Mchana ukipanda Limuru turbo ikivuta, hiyo 40 ndiyo inashika kazi.

Mzee_wa_Iringa
Wanangu, mimi nimeshika usukani tangu 1983. Peugeot 504 nimeiendesha kwa 20W-50 na haijawahi kufunguliwa injini. Oili nzito inashika vyuma. Hizi nyepesi zimeletwa na nchi za barafu. Msikilize fundi wako, yeye ndiye anayeliona gari.

DadaSG5_Arusha
Shikamoo mzee. 504 ni gari la kuheshimika na 20W-50 iliifaa. Lakini haikuwa na turbo, na wala haikuwa na AVCS, mfumo wa Subaru wa kurekebisha valvu. Kwenye Forester hizi, muda wa valvu kufunguka unabadilishwa na presha ya oili inayopita kwenye vitundu vidogo sana. Oili nzito kupita kiasi inachelewa humo, hasa asubuhi injini haijapata moto.

Halafu kuna turbo yenyewe, ile feni inayoisukumia injini hewa. Shafti yake inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoitenganisha na chuma chenzake ni utando wa oili tu. Upande mmoja wa shafti hiyo unapigwa na moshi wa ekzosi. Oili ya kawaida ikikaa kwenye joto lile inaungua na kuacha ukoko, sawasawa na wali chini ya sufuria, na ukoko ukiziba njia ya oili turbo imekwisha. Sinthetiki inavumilia joto hilo vizuri zaidi. Kwa hiyo mimi naanza na sinthetiki, namba inafuata.

Kuhusu namba: ile ya kabla ya W inaeleza tabia ya oili kwenye baridi, ile ya mwisho inaeleza unene wake ikishapata moto wa nyuzi 100. Oili ya 5W-40 na ya 15W-40 zikishachemka zinakaa kwenye daraja moja la unene. Kwa hiyo kusema 5W ni maji kwa Dar si sahihi.

fundi_Gerezani
Nakazia hapo kwa dada. Na 5W-30 nazo si moja. Kuna zilizotengenezwa kupunguza matumizi ya petroli, hizo utando wake ni mwembamba injini ikichemka. Kuna 5W-30 nyingine zenye ACEA C3 (ACEA ni viwango vya oili vya Ulaya), utando wake ni mnene. Geuza dumu, soma nyuma. Ukiona ACEA A3/B4 au C3, ujue imepimwa kwa nyuzi 150 ikisuguliwa kwa nguvu na kipimo cha unene wake hakikushuka chini ya 3.5. Kwa turbo ya Subaru mimi natafuta hiyo 3.5 kabla sijaangalia jina la kampuni.

Ila mleta mada bado hajajibu maswali.

Mwana_Segerea
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Ni Forester toleo la SG5 ya 2004, XT, injini EJ205. Inasoma kilomita 148,000, lakini imetoka Japani mwaka juzi kwa hiyo sijui historia yake. Aliyoweka fundi mara ya mwisho sikuiona dumu. Inakula, nadhani nusu lita kila kilomita 1,000. Moshi wa bluu sijauona. Turbo haijaguswa.

GTI_Msasani
Nusu lita kwa 1,000 ni nyingi, hilo ulipaswa kulisema mwanzo. Ushauri wangu uchukue yenye API SP, kiwango cha oili cha Marekani. Mimi nina Golf GTI, na turbo za kisasa zina tatizo la mchanganyiko wa petroli na hewa kujilipukia kabla ya wakati kwenye mwendo mdogo ukikanyaga mafuta, linavunja pistoni. API SP imekuja 2020 na kulizuia hilo ni mojawapo ya sababu.

DadaSG5_Arusha
Kwa GTI uko sahihi kabisa, kwa sababu yako inanyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. EJ205 inanyunyizia kwenye mlango wa hewa, na tatizo hilo si lake. API SP haitamdhuru, ila asiipe kipaumbele kuliko ile 3.5 aliyosema fundi.

GTI_Msasani
Sawa dada, ila API SP bado ni kiwango kipya kuliko SL ya zamani na kinga yake dhidi ya uchafu ni bora. Sioni kwa nini mtu anunue SL mwaka huu.

Mluguru_wa_Boxer
Wakuu mmezungumza namba tu, naomba niseme lililonikuta. Nilikuwa na SG5 kama hiyo. Nilinunua dumu la lita 4 la 5W-40, jina kubwa mnalolijua wote, kwenye duka ambalo sitalitaja, kwa bei iliyopungua karibu theluthi. Nikajiona nimepata. Kizibo kilikuwa na pete yake, stika inang'aa. Nikaweka, gari likawa laini, nikasahau.

Baada ya kilomita kama 1,500 nikaenda Iringa na familia. Mikumi hakuna shida. Tumefika Ruaha Mbuyuni tukala, tukanunua vitunguu, tukaendelea. Katikati ya mlima wa Kitonga, nyuma ya lori, gia ya pili, jua la saa nane, nikasikia mlio kama mtu anagonga mlango kwa kifundo cha kidole. Nikadhani ni kitu kwenye buti. Mke wangu ndiye aliyesema mlio unatoka mbele. Nikapunguza mwendo, taa nyekundu ya oili ikapepesa. Sikusimama. Nilijiambia nifike juu kwanza, pale ni kona na malori, nitasababisha ajali. Tulipofika karibu na Ilula injini ikafunga.

Tulivutwa mpaka mjini. Fundi alipofungua sampu, bakuli la oili chini ya injini, oili ilikuwa nyembamba kama dizeli na ina ungaunga wa shaba. Beringi ya kondrodi imezunguka, kranki imeliwa. Oili ilikuwa kwenye usawa wake, haikupungua! Nilirudi dukani na dumu tupu, wakaniambia si lao, risiti haikuandikwa aina. Kununua injini ya Japani na kuifunga kulikula akiba ya mwaka mzima ya ada za watoto. Nililiuza gari mwezi uliofuata, mpaka leo roho inaniuma nikiona SG5.

Nunueni kwa wakala mwenye risiti ya EFD, na iandikwe jina la oili na kiasi. Ile taa ikiwaka, zima injini hapohapo. Ikiwaka maana yake presha imeshakwisha.

Kijana_wa_Ngara
Pole sana kaka. Hapa Kirinyaga Road pia bandia zipo. Dumu likiisha mimi hulitoboa nikalitupa, kuna watu hununua madumu matupu.

Mzee_wa_Iringa
Pole mwanangu. Ndiyo maana nasema 20W-50 haighushiwi sana, faida yake ndogo.

fundi_Gerezani
Mzee wangu, kwa heshima, nimeona bandia ya 20W-50 kwa macho yangu.

Abu_Salma_Muscat
Assalam alaikum. Mimi niko Muscat, kiangazi kinafika nyuzi 45 na zaidi. Nina Subaru Legacy GT, naweka 5W-40, na wenzangu wanaopeleka magari yao kwenye resi wanaweka 5W-50. Lakini muhimu zaidi ni kuacha injini ingurume dakika mbili kabla ya kuzima. Kuzima ghafla ndiko kunakoua turbo zenu.

DadaSG5_Arusha
Waalaikum salaam. Kwa mwendo wa kawaida si lazima. Turbo ya Subaru ina maji, na ukizima, maji ya moto yanapanda yenyewe kwenye tangi la juu na ya baridi yanashuka. Dakika mbili zina maana ukitoka kukanyaga mlima na kusimama ghafla.

Abu_Salma_Muscat
Dada, nimekaa na turbo miaka 14 na sijabadilisha hata moja. Dakika mbili hazigharimu kitu.

Kijana_wa_Ngara
Mimi niko na taima ya turbo, inazima yenyewe. Hapo namuunga Abu Salma.

fundi_Gerezani
Turudi kwa mleta mada. Subaru nyingi za turbo za miaka hiyo zina kichujio kidogo cha waya ndani ya bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo. Kama historia haijulikani, kifunguliwe kabla ya safari. Kikiziba, uweke oili ya dhahabu, turbo itakufa na kiu. Wengine wanakitoa moja kwa moja, mimi nasafisha au naweka kipya.

GTI_Msasani
Kukitoa si unaruhusu uchafu uingie turbo?

fundi_Gerezani
Ndiyo maana mimi sikitoi. Ila wapo mafundi wazuri wanaokitoa, na hoja zao zina uzito.

Mwana_Segerea
Nimepima asubuhi hii, gari limelala usiku kucha sehemu tambarare. Oili iko chini ya alama ya L, ile ya kiwango cha chini! Niliyoweka ina mwezi na nusu tu. Nimeongeza karibu lita nzima ndiyo ikakaribia F, alama ya kujaa. Sasa nimechanganyikiwa, nipandishe 5W-40 ili injini ile oili kidogo, au nitafute kwanza inakopotelea? Na kile kichujio fundi wangu anasema hakipo kwenye SG5.

fundi_Gerezani
Angalia chini ya vifuniko vya valvu na bomba la turbo kama pamelowa, piga picha utume hapa. Kisha mwambie akuonyeshe hiyo bolti.

Mzee_wa_Iringa
Vyovyote utakavyoweka mwanangu, bebea lita mbili za hiyohiyo kwenye buti. Ruaha Mbuyuni simama, lipoe dakika kumi na tano, pima, ndipo uanze Kitonga.