Tenor (sauti ya juu ya wanaume) tunakauka sauti kabla ya mkesha wa Krismasi. Wenzetu mnafanyaje?

SautiYaTatu:
Wanakwaya, salaam. Majilio yakianza tu, mazoezi yanaongezwa. Wiki ya mwisho ni kila jioni. Ukifika mkesha wenyewe, nusu ya tenor tunatoa mikwaruzo. Mwaka huu mwalimu katuletea "Haleluya" ya Handel, na kule juu nakaza shingo mpaka mishipa inasimama. Tena ukitoka mkesha usiku wa manane, asubuhi uko bench lile lile. Msinijibu "kunywa maji", nakunywa.

Kinanda_Nyuma:
Ndugu, hapo kinachowaua ni ufunguo, yaani kimo ambacho do inakaa. Wimbo huo ni wa D. Kama mnasoma nota za do-re-mi, mpiga kinanda ashushe hadi C. Karatasi zenu hazibadiliki hata nukta, do inabaki do. Besi watanung'unika wakifika chini, waacheni. Ila kama mmealika wapiga tarumbeta, waambieni mapema, maana hao hawatashuka kwa kushtukizwa.

Halafu, kwa wanaopenda ubishi: Handel aliandika Messiah, utungo mzima wenye hiyo Haleluya, mwaka 1741, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin Aprili 1742, na Haleluya inafunga sehemu ya pili, ya mateso na ufufuko. Kuzaliwa kwa Yesu kuko sehemu ya kwanza. Mwambie mwalimu wenu, kwa adabu.

AltoMkongwe:
Mwanangu, maji unakunywa lini? Hayapiti kwenye nyuzi za sauti, yanashuka njia ya chakula. Ukiyagugumia dakika tano kabla ya kuingia, utapata haja ndogo tu. Anza asubuhi. Mvuke ndio unaofika kooni moja kwa moja.

Na nani kawaambia kila zoezi liimbwe kwa nguvu zote? Mkishajua nota, zile za juu ziimbeni oktavu moja chini, nusu sauti. Sauti ikishakwaruza, nyamaza kabisa. Kunong'ona si kupumzika, kunaikaza zaidi.

SautiYaTatu:
Shikamoo mama. Hilo la kunong'ona ndiyo desturi yetu, benchi zima. Kuhusu C, mwalimu kasema atajaribu Jumamosi, ila soprano wameshaanza kununa: wanataka zile noti zao ndefu zipae.

Kinanda_Nyuma:
Wape D flati, katikati ya C na D, yaishe.