Shuka la 7x8 halitoshi kwenye godoro la inchi 10: linaongezwaje?

Kibaraza
Habari za jioni wakuu. Godoro la zamani lilikuwa 5x6 la inchi 6, jipya ni 5x6 la inchi 10. Mashuka ni yale yale: matatu ya 7x8 yasiyo na lastiki, na moja la lastiki lenye kina cha inchi 8. Ya 7x8 yanachomoka pembeni kila asubuhi. La lastiki, ukivalisha pembe ya nne, ya kwanza inaruka. Yote ni pamba na bado mazima. Yanaweza kuongezwa? Cherehani iliyopo ni ya kukanyaga, inashona mstari ulionyooka tu.

Sindano14
Yanaongezeka, mkuu, bila kununua kitambaa. Tuanze na hesabu. 7x8 ni inchi 84 kwa 96, na godoro ni 60 kwa 72. Kila upande unabaki na inchi 12. Kwenye godoro la inchi 6, sita zilifunika ubavu na sita zikaingia chini. Sasa ubavu umekula kumi, chini zinaingia mbili tu, na mbili hazishiki kitu. Godoro likinenepa inchi 1, shuka linapoteza 2, kwa sababu lina pande mbili.

Kwa hiyo kila upande unadai inchi 4. Toa shuka moja la 7x8 liwe la kukatwa, lile lililochakaa zaidi. Lichane kufuata urefu wa inchi 96, vipande 8 vya upana wa inchi 5½: 4 zitaonekana, ½ ni ya mshono, 1 ya pindo. Vinne ni vya shuka la kwanza, vinne vya la pili. Fumua pindo la zamani la shuka, usilikate. Anza na pande mbili ndefu, kisha zile fupi. Hapo vipande vitafunika na ncha za vile vya mwanzo. Ukimaliza una shuka la 92 kwa 104, na inchi 6 zinarudi chini ya godoro kama zamani.

Rangi isikusumbue. Kiungo kinaanguka inchi 12 kutoka ukingo wa juu, yaani inchi 2 ndani ya uvungu wa godoro. Hakionekani.

PindoMbili
Niongezee la lastiki, maana kwenye lile shuka la kukatwa bado zimebaki inchi 40 za upana (44 zimetumika).

Shuka la lastiki linataka kina cha godoro pamoja na inchi 3, yaani 13. Fumua njia ya lastiki na uikate, unabaki na 7. Mshono ukila ½ zinabaki 6½. Kata vipande vitatu vya inchi 8½ kwa 96. Viunganishe viwe ukanda mmoja, kisha uushone kuzunguka shuka zima. Mzunguko wa godoro ni inchi 264, na vipande vitatu vinatoa 288, hivyo mishono haikupunji. Ila pima godoro lako kwanza, mengine ya "futi 6" huzidi inchi 72.

Pindo la chini: kunja ¼, kisha inchi 1, shona, acha mlango wa inchi 2. Lastiki ya upana wa nusu inchi, urefu theluthi mbili za mzunguko, yaani kama mita 4 na nusu. Ichomeke pini, ipitishe, hakikisha haijajinyonga, pandanisha ncha mbili kwa inchi 1 na ushone kwenda na kurudi. Kisha vuta shuka ili mikunjo igawanyike sawa, na upige mishono mifupi ya kukatiza lastiki katikati ya kila upande. Ukiacha hiyo, lastiki inajikusanya sehemu moja baada ya kufua.

Usishone lastiki moja kwa moja kwenye kitambaa kwa cherehani hiyo. Mstari ulionyooka hauvutiki, lastiki ikitanuka uzi unakatika. Na usiikaze kupita kiasi: sponji laini litapinda pembe juu kama sahani.

Mwambao
Kuna jambo limesahaulika: chandarua. Kikichomekwa chini ya godoro pamoja na shuka, asubuhi ukikivuta kinatoka na shuka. Chomeka shuka kwanza, lisawazishe, ndipo chandarua juu yake. Ukikitoa, weka kiganja kwenye ukingo wa godoro na uvute kwenda nje, si juu.

Kibaraza
Asanteni sana. Mishono haitafumuka? Hakuna ovaloki (mashine ya kuziba kingo zisifumuke) hapa.

Sindano14
Shona mshono wa kwanza inchi ½. Punguza ukingo mmoja ubaki nusu yake, ule mwingine ukunje juu yake uufunike, kisha ulaze na kushona mstari wa pili kwenye mkunjo. Nyuzi zote zinafungiwa ndani, na unalalia kitu bapa. Sindano namba 14, uzi wa polista.

Panapofumuka zaidi ni kwenye pembe za shuka la lastiki, kwa sababu ndipo mkono unavuta. Hapo shona mara mbili na uweke kiraka kidogo cha pembetatu kwa ndani. Kabla ya yote, shika kila shuka mbele ya dirisha utazame katikati, sehemu ya mabega. Kama mwanga unapenya kama kwenye chachi, hilo ndilo la kukatwa. Ukate vipande vyako kwenye kingo zake, palipo imara.