Naomba ushauri: mdukuzi anatafuta nini kwenye ofisi ndogo ya utalii?

Ndugu zangu, nina ofisi ndogo hapa Moshi inayopandisha wageni Mlima Kilimanjaro, na kwenye kompyuta zetu kuna nakala za pasipoti, fomu za afya za wapandaji na ankara za malipo ya awali.

Nikizungumzia ulinzi wa taarifa hizi, wenzangu huniambia kwamba hakuna mdukuzi wa kuhangaika na biashara ndogo kama hii. Sikubaliani nao, kwa sababu anayetafuta fedha haangalii ukubwa wa ofisi bali wepesi wa kuingia. Programu hasidi iitwayo WannaCry, ya Mei 2017, ilifunga kompyuta katika nchi nyingi bila kuchagua, ikidai dola 300 kwa bitcoin (sarafu ya kidijitali) ili kuzifungua. Kinachonitisha zaidi ni yule anayeingia kwenye barua pepe kimya kimya, akasoma mazungumzo yetu na mgeni, kisha akamtumia ankara ileile yenye nembo yetu, isipokuwa namba ya akaunti ya benki amebadilisha. Yupo pia mfanyakazi aliyeondoka na kinyongo huku bado anajua nywila, na huyo hata fedha hazitaki.

Naomba wenye uzoefu mnieleze: kwa bajeti ndogo, nianze kujikinga na yupi? Je, uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe (nywila pamoja na msimbo wa pili, kwa mfano wa kwenye simu) unatosha, au niwaombe wageni wote wapige simu kuhakikisha akaunti kabla ya kulipa? Na waliokwisha kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2022, walitakiwa kuandaa nini?