Jani likiua seli za saratani kwenye sahani ya maabara, tuliite dawa?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi stendi nimenunua kopo la unga wa mlonge. Sina ugomvi na unga wenyewe, kwetu majani ya mlonge ni mboga tangu sijazaliwa. Kilichonikwaza ni karatasi iliyobandikwa ubavuni: utafiti wa maabara umethibitisha kwamba flavonoidi zilizomo huua seli za saratani. Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana maneno ya namna hiyo niliwahi kuyaandika mwenyewe. Yangu yalikuwa na jalada gumu na yalinipa shahada ya uzamili.

Kwa wasiojua, flavonoidi ni kundi la kemikali ambazo mmea hujitengenezea. Nyingine huupa rangi, nyingine huukinga na jua. Kwesetini, maarufu kuliko zote, imo kwenye vitunguu na kwenye mlonge. Wekundu wa juisi ya rosela unatoka kwenye kundi hilohilo.

Nilichofanya mimi ni hiki. Nilikausha majani, nikayaloweka kwenye methanoli (aina ya spiriti), nikachuja, nikachanganya na DPPH, kemikali ya zambarau ambayo ikikutana na antioksidanti, yaani kemikali inayozuia uharibifu unaoletwa na oksijeni, hufifia kuwa manjano. Mashine inasoma rangi hiyo kwenye mwanga wa nanomita 517, unachora grafu, unaandika kwamba mmea "una uwezo mkubwa wa kitiba". Tatizo ni kwamba karibu jani lolote unaloliokota litafifisha DPPH. Chai ya rangi inafifisha. Katika miaka yangu yote maabara sijakutana na jani lililoshindwa. Wizara ya kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali la vyakula lenye alama za antioksidanti za aina hiyo, ikaliondoa mwaka 2012, kwa sababu alama zile zilikuwa zinatumika kuuzia bidhaa ilhali hazisemi kinachotokea ndani ya mwili.

Swali langu: vyuo vyetu viendelee kutumia fedha za umma kupima flavonoidi za majani kwa mtindo huu? Mimi nasema hapana. Nawasilisha.

Mwanafunzi wa uzamili

Kaka, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Shahada unayo, sasa unatuambia sisi tusifanye.

Niko mwaka wa pili. Nina spektrofotometa moja, hiyo mashine ya kusomea rangi, tunayopangiana zamu, nina methanoli, nina miezi sita. Chumba cha kukuzia seli tunacho, ila jokofu lake limekufa na anayetakiwa kulitengeneza kila wiki anakuja kesho. Kipimo cha bei nafuu ndicho ninachoweza kukifanya, na kinanifundisha kazi. Ukikifuta, mimi nitaandika tasnifu juu ya nini?

Halafu usiseme kana kwamba kundi lote hili ni porojo. Silibini inatoka kwenye mmea wa Ulaya wa jamii ya mbigili, nayo ni flavonoidi iliyoungana na kipande kingine. Hospitali za huko humwekea kwa dripu mtu aliyekula uyoga wenye sumu kali inayoua ini. Hiyo nayo ilipitia maabara.

Muuza dawa asili

Wanangu, mimi ni muuza mlonge, ingawa si huyo wa stendi.

Hayo maneno ya karatasini hatukuyatunga sisi, mliyaleta nyinyi wasomi. Bibi yangu alikuwa anasema "hili la tumbo, hili la homa", basi. Neno flavonoidi nimelisikia kwa wanafunzi waliokuja kwangu mwaka juzi. Niliwapeleka porini siku mbili, wakajaza viroba, wakaniachia soda na nauli. Mpaka leo hakuna aliyerudi hata kunisomea walichokikuta. Nasikia kuna Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inayotaka mwenye mmea na mwenye ujuzi wapate sehemu ya faida. Sehemu yangu ni ipi?

Sasa unaniambia kumbe majibu yenyewe hayana maana. Basi nirudishieni majani yangu.

Mchangiaji mwingine

Loliondo 2011 mmesahau? Kikombe cha dawa ya Babu shilingi 500, foleni ya magari haina mwisho. Nani aliuliza flavonoidi? Watu wanataka kupona, hawataki grafu.

Mfamasia

Mzee, shikamoo. Hilo la viroba umelisema kweli na sina la kuwatetea waliofanya hivyo.

Mimi niko dirishani kila siku, nitasema ninachokiona. Wagonjwa huja na vikopo hivi mkononi wakiniuliza kama waendelee na vidonge au waache. Kwao, neno "maabara" limefunga mjadala. Kumbe maabara ile iliweka kwesetini kwenye seli kwa mkolezo wa mikromola 50 au 100. Mtu akila vitunguu vyake, kwesetini inayofika kwenye damu kwa kawaida haifiki hata mikromola moja, na karibu yote imeshageuzwa na utumbo na ini kuwa kitu kingine. Kilichoua seli kwenye sahani na kinachozunguka mwilini hata si kemikali ileile.

Na kuna jambo watetezi wa sahani hawalitaji. Mwaka 1977 kwesetini hiyohiyo ilipowekwa kwenye kipimo cha bakteria cha Ames ilionekana inabadilisha vinasaba, kwa hiyo ikashukiwa kuleta saratani. Ilichukua miaka na majaribio mengine mengi kabla shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kuiweka mwaka 1999 kwenye kundi la vitu ambavyo ushahidi hautoshi kusema vinaleta saratani kwa binadamu. Mbona hakuna kopo lenye karatasi ya matokeo hayo? Sahani ikisema dawa tunaipigia makofi, ikisema sumu tunasema ni sahani tu.

Sipingi upimaji. Ninapinga matokeo ya sahani kutoka chuoni na kufika stendi bila kupitia popote.

Mleta mada

Mzee, shikamoo. Nakubali lawama, na tasnifu yangu ni mojawapo ya zile ambazo mtu wa kijijini hakuwahi kusomewa.

Dada mwanafunzi, nilikosea kusema hapana kwa mkato. Ngoja nieleze ninachokikataa, maana ubaya haupo kwenye bei ya kipimo. Upo kwenye tabia ya hizi kemikali zenyewe. Mwaka 2010 wanakemia Baell na Holloway kule Australia walichapisha orodha ya maumbo ya kemikali yanayodanganya vipimo, na umbo la katekoli, ambalo kwesetini inalo, limo. Zinadanganya kwa njia nyingi. Zikizidi kwenye maji hujikusanya kuwa chembe ndogo ndogo zinazokinasa kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za mwili) chochote kilicho karibu, wewe unaandika "imezuia kimeng'enya". Kwenye kipimo cha MTT, ambacho seli hai hubadili rangi ya manjano kuwa zambarau, flavonoidi nyingi zinaibadili zenyewe hata kama hakuna seli hata moja. Na hii ndiyo iliyonikosesha usingizi: mwaka 2000 mwanabiokemia Barry Halliwell na wenzake walionyesha kwamba kwesetini na katekini, flavonoidi za chai, zikiwekwa tu kwenye supu ya kukuzia seli, huzalisha haidrojeni peroksaidi. Yaani seli zinaweza kufa kwa dawa ya kuoshea vidonda iliyojitengeneza kwenye sahani, na sifa zote akapewa mlonge.

Hata ukifika kwa panya hujafika. Asidi ya flavoni asetiki, flavonoidi ya kutengenezwa, iliponda uvimbe wa panya vizuri mno, kwa binadamu ikagoma. Wakairekebisha, wakapata DMXAA, ikafika mpaka jaribio kubwa la mwisho kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu, ikaanguka mwaka 2010. Baadaye ndipo ikajulikana kwa nini: inashika protini ya kinga iitwayo STING ya panya, ya binadamu haiishiki. Kampuni zenye fedha ziliangukia hapo. Sisi tunatoka na sahani moja tunakwenda kubandika karatasi.

Kwa hiyo msimamo wangu mpya: pimeni, lakini tasnifu ya flavonoidi isiyo na kipimo cha kulinganishia isipitishwe. Na mlinzi wa mlango awe msimamizi wako, usibebeshwe wewe peke yako.

Mwanafunzi wa uzamili

Hapo tunaweza kuongea. Ila kipimo cha kulinganishia nacho kinataka hela. Hiyo ya peroksaidi naidhibiti kwa kutumia nini?

Mleta mada

Katalasi, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi. Unaweka sahani mbili, moja ina katalasi na nyingine haina. Seli zikipona kwenye yenye katalasi, muuaji alikuwa peroksaidi, siyo jani. Ila usianzie hapo, anza na kilicho rahisi: weka MTT na dondoo lako, yaani yale maji ya majani uliyochuja, kwenye kisahani kitupu, bila seli. Haikugharimu kitu. Ikigeuka zambarau, badili kipimo kabla hujapoteza mwezi. Na kama unapima kimeng'enya, rudia ukiwa na sabuni ya Triton X-100, asilimia 0.01 tu. Uzuiaji ukiyeyuka, zilikuwa chembe.

Mwanafunzi wa uzamili

Triton ipo kabatini, nimeiona. Kesho zamu yangu ya mashine ni saa mbili asubuhi.

Muuza dawa asili

Ukipata jibu, binti, hata likiwa baya, njoo unisomee.