Mzee abaki mlimani na vyumba vitano, au auze ahamie padogo?

Mwana_Mabatini:
Wakuu, naomba mawazo yenu. Baba yangu ana miaka 76, mama alitutoka 2021. Mzee anakaa peke yake kwenye nyumba ya vyumba vitano hapa Mwanza, Mabatini juu, kwenye mawe. Mnaoijua milima yetu mnaelewa: gari linaishia chini, kuanzia hapo ni ngazi. Mwezi wa sita alianguka bafuni. Tulimshusha vijana wanne tukiwa tumemkalisha kwenye kiti cha plastiki. Hospitali ya Bugando tunaiona tukisimama mlangoni kwetu, lakini kumfikisha ilichukua karibu saa nzima.

Mimi na dada wa Geita tunasema auze, tumjengee vyumba viwili Usagara, kwenye tambarare, hela itakayobaki iwe ya matibabu yake. Kaka wa Dar hataki kusikia. Baba mwenyewe anasema hashuki. Tufanyeje?

Mvuvi wa Igombe:
Semeni ukweli, mnataka hela ya nyumba. Mzee ana akili timamu, amesema hashuki, mnaitisha vikao vya nini?

Jiwe_Pacha:
Mtu mmoja na vyumba vitano, vya nini? Igogo kuna watu wanalala wanne chumba kimoja. Wazee wakistaafu warudi vijijini, wafuge kuku, wale michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), wapumzike. Mji ni wa wanaofanya kazi.

Mwana_Mabatini:
Mvuvi, umeniumiza. Tangu mama afariki, kila Jumapili napanda zile ngazi na ndoo mbili za maji, maana mgao ukianza bomba la juu halitoi hata tone. Nani kakwambia nina shida na hela ya baba yangu?

Mjukuu wa Magu:
Jiwe_Pacha, "warudi vijijini" unalisema kirahisi hivyo? Bibi yangu alirudi kijijini baada ya babu kufariki. Akakaa miaka miwili. Ng'ombe wa jirani wakafa, watu wakaenda kwa mpiga ramli, jibu likarudi kwamba mchawi ni yule mwanamke wa mjini mwenye macho mekundu. Tulimtoa usiku kwa bodaboda. Leo anaishi kwangu Nyakato, chumba kimoja na wanangu, na kila siku anaulizia kuku wake. Msituambie kijijini ni mapumziko. Kwa wengine ni hukumu.

Jiwe_Pacha:
Hayo ni mambo ya zamani, unawachafua Wasukuma wote. Mimi ni Msukuma wa Misungwi, bibi yangu ana miaka 80 na zaidi, anaheshimiwa na kijiji kizima.

Mjukuu wa Magu:
Mimi pia ni Msukuma, usinifundishe kwetu. Nimesema kilichompata bibi yangu. Wako akiheshimiwa, wangu ndiyo hakukimbia?

Fundi Nyakato:
Na sababu ya hayo macho kila mtu anaijua. Mama kapikia kuni na samadi miaka hamsini ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yatakuwa meupe? Moshi ule ule uliotupikia ugali ndio unageuzwa ushahidi.

Mvuvi wa Igombe:
Wapiga ramli si walishapigwa marufuku? Ilikuwa 2014 au 2015, wakati wa mauaji ya wenzetu wenye ualbino.

Mjukuu wa Magu:
Ni 2015, Januari. Na Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928. Bibi yangu alikimbia 2019. Endelea kuhesabu.

Wakili wa Mtaani:
Tumetoka nje ya mada. Mwana_Mabatini, kwenye hati kuna jina la nani? Kama la mama limo, huenda msiweze kuuza mpaka mirathi ifunguliwe na mahakama iteue msimamizi. Mama angekuwa hai, Sheria ya Ndoa ya 1971 ingemzuia baba kuuza nyumba ya familia bila ridhaa yake. Angalieni karatasi kwanza, mengine baadaye.

Jiwe_Pacha:
Kwani mzee hakupata mafao? Wastaafu wanapewa asilimia 33 mkononi, angejenga kingine zamani.

Wakili wa Mtaani:
Hiyo 33 ni ya 2022, na 2024 serikali ilipandisha hadi 40 kwa kundi ambalo kabla ya 2022 lilikuwa likipata nusu. Mzee wa miaka 76 alistaafu muda mrefu kabla ya hayo yote. Tusianze kikokotoo cha mafao hapa, hatutalala.

Mayu_Kisesa:
Wanangu, mimi nina miaka 69, na mwenzenu niliuza. Nyumba yangu ilikuwa Kirumba. Watoto walinisihi kwa upendo, siwalaumu. Nilihamia huku Kisesa mwaka 2017, nyumba nzuri, vyumba viwili, choo ndani, hakuna ngazi hata moja.

Lakini niwaambie nilichopoteza. Kirumba nilikuwa na mwenye duka aliyenikopesha sukari bila kuandika. Watoto wa wapangaji wangu walinichotea maji, na nisipofungua dirisha mpaka saa mbili, mtu alikuwa anagonga. Huku nikiugua usiku, wa kwanza kujua ni mimi peke yangu. Kwenda kliniki ya presha ni daladala mbili, natoka gizani. Mwaka wa kwanza nilizungumza na kuku.

Mzee asiuziwe nyumba akiwa na uchungu wa mke. Ahamishiwe chumba cha mbele. Bafu lisakafiwe upya lisiteleze. Tafuteni fundi achomelee bomba la kushikia kuanzia mlangoni mpaka barabarani. Vyumba vitatu apangishiwe mama mwenye watoto, kodi iwe ndogo, makubaliano yawe kwamba atapika na kumwangalia. Miaka mitatu ikipita na bado hawezi, muulizeni tena.

Mwana_Mabatini:
Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili. Ila akianguka tena usiku, bomba halitamshusha. Na mimi ndiye nitakayekuwa nimekubali abaki.

Mayu_Kisesa:
Marahaba mwanangu. Hata Usagara ataanguka. Tofauti ni nani atamsikia.

Jiwe_Pacha:
Wapangaji nao! Mpangaji leo anamhudumia mzee, kesho anadai nyumba ni yake.

Wakili wa Mtaani:
Kwa hiyo andikeni mkataba, mjumbe ashuhudie. Kupangisha hakumpi mtu umiliki.

Mvuvi wa Igombe:
Mwana_Mabatini, lile neno la hela nalifuta. Sikujua habari za ndoo.

Mwana_Mabatini:
Yameisha kaka. Hati nimeipata leo, majina yapo mawili, la baba na la mama, kumbe kuuza tungeweza kukwama. Fundi Nyakato, bomba la kuchomelea kwenye ngazi za mawe linashika? Mwamba wetu ni mgumu.

Fundi Nyakato:
Linashika. Tunatoboa mwamba, tunasimamisha nguzo kwa zege. Nipigie picha ngazi zote, halafu niambie mzee anashikia mkono gani.

Jiwe_Pacha:
Mjukuu, huyo bibi yako ni wa kijiji gani? Mimi mpaka sasa siamini.

Mjukuu wa Magu:
Sitataja. Kuku wake wako bado kule, na anayewalisha ni mdogo wake, naye ana miaka 71.