Eleroni imepigwa rangi tu, balansi ya nini tena?

kijana_hanga: Wakuu habari za humu. Niko field kwenye hanga moja ya ndege ndogo, Cessna nyingi. Juzi eleroni, vile vibawa vidogo vya nyuma ya bawa vinavyoinamisha ndege kulia na kushoto, zimepigwa rangi upya zikakauka vizuri, nikajua sasa tunafunga, fundi mkuu akagoma mpaka zipimwe balansi, na kweli kwenye manyuali limiti zipo. Sasa rangi ina uzito gani jamani? Nilimuuliza akajibu "fleta" akaendelea na kazi. Mwenye kuelewa aniambie angani kinatokea nini hasa, definisheni ninayo: mtetemo unaojiongezea nguvu kutoka kwenye hewa.

mzee_bawaba: Shida uzito umekaa wapi. Eleroni sehemu yake kubwa iko nyuma ya bawaba na huko ndiko rangi nyingi inaenda, ndio maana mbele wameweka vyuma vya balansi. Sasa uzito ukizidi nyuma, bawa likapigwa na upepo likaruka juu, eleroni inachelewa, ukingo wake wa nyuma unabaki chini. Ukibaki chini si unaongeza lifti, ile nguvu ya hewa ya kunyanyua bawa? Basi bawa linasukumwa juu kuliko lilivyotaka kwenda. Linanesa kurudi chini, eleroni inachelewa tena, safari hii imebaki juu, inalikandamiza chini. Yaani kila likienda upande wowote hewa inaliongezea nguvu kuelekea huko huko. Kwenye spidi ndogo hewa inauzima huo mtetemo, ila kuna spidi ukiivuka unakua badala ya kufa, na bawa linaweza kuvunjika ndani ya sekunde chache. Nguvu za rubani hazisaidii hapo.

eleveta_dsm: Naongezea, usiangalie rangi peke yake. Bawaba iliyolika, kebo iliyolegea, trimu tabu (kile kibati kidogo kwenye ukingo wa nyuma) inayocheza, zote zinaleta fleta. Reno, Nevada, Septemba 2011, P-51, ndege ya kivita ya zamani iliyokuwa kwenye mashindano: nati za skrufu za trimu tabu ya eleveta (kibawa cha mkiani kinachopandisha na kushusha pua) zilikuwa zimechakaa, skrufu zikalegea, tabu ikaingia fleta kwenye spidi kubwa ikakatika, wakafa watu 11, rubani na watazamaji 10. Nati tu hizo! Halafu soma Lockheed Electra, ndege ya abiria ya propela, mbili zilikatika bawa angani, Texas 1959 na Indiana 1960, jumla watu 97. Pale vishikio vya injini vilikosa ugumu wa kutosha, propela ikaanza kuyumba kwa kuzunguka kama pia ya kuchezea inayotaka kuanguka, mtetemo ukaingia kwenye bawa. Lockheed ikabidi waimarishe vishikio na mabawa yenyewe.

abiria_dirishani: Samahani naingilia, mimi abiria tu. Lile bawa la ndege kubwa ninaloona linapanda na kushuka kwenye mawingu, ndo hiyo?

mzee_bawaba: Hapana dada, hilo limetengenezwa linese, linapanda linashuka linatulia. Kanuni za Marekani na Ulaya zinataka ndege kubwa ithibitishwe haina fleta mpaka asilimia 15 juu ya spidi ya kupiga mbizi iliyosanifiwa, yaani ya ndege kushuka kwa kasi pua chini, na spidi hiyo yenyewe abiria hafikishwi.

kijana_hanga: Mzee nimeelewa sana. Sasa vipimo vikitoka nje ya limiti naongeza chuma mbele?

mzee_bawaba: Usibuni, fuata manyuali. Kwanza uliza kama rangi ya zamani ilikwanguliwa au mmepiga juu yake, mara nyingi uzito uko hapo. Kama mmepiga juu yake kwangueni mpaka bati, mpake upya, na mpime mistari na namba zikishapakwa zote.